Fanksheni Iliyokata Onyo la Ziwani

Wanangu mnaoandika programu, wa kuwasifia mnao wengi, kazi hiyo nawaachia wao. Mimi nimekasirika. Nimekasirika kwa sababu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu juzi juzi hapa Ilemela, kwenye ukumbi mlionialika nije niwasimulie maisha yangu ya kazi.

Binti mmoja, mwerevu kabisa, alikuwa anatuonyesha programu yake kwenye skrini kubwa. Akaiamuru kompyuta iijenge, yaani iigeuze iwe tayari kutumika. Skrini ikajaa mistari ya njano kuanzia juu mpaka chini, yote ikisema jambo lile lile: fanksheni uliyotumia hapa imepitwa na wakati, si salama, tumia nyingine. Nikajiweka sawa kwenye kiti nione atafanya nini. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeingiliwa na kuku sebuleni mbele ya wageni, akapanda mpaka juu kabisa ya faili lake, akaandika mstari mmoja wa kuzima maonyo, akaijenga upya. Njano yote ikapotea. Na nyie mkampigia makofi.

Nilipomuuliza kwa nini hakuibadilisha ile fanksheni, alinijibu kwa heshima zote. "Hayo ni maonyo tu, Mama, siyo makosa. Programu inafanya kazi."

Nilirudi Kisesa nimenuna mpaka mume wangu akadhani nimeibiwa simu. Alinipa chai, akaniacha peke yangu, maana ananijua. Nilipotulia nikachukua kalamu.

Fanksheni aliyoitumia yule binti naifahamu vizuri. Jina lake ni strncpy. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya watu walioilinda, mvuvi mmoja wa Igombe aliyeitwa Masalu hayupo duniani. Nawaandikia mjue alikufaje. Mkishasoma na bado mkasema ni maonyo tu, basi siku tukikutana mjini msinisalimie.

Nieleze polepole, kwa sababu najua maandishi haya yatafika pia kwa watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya C. Kompyuta huweka maneno kwenye vyumba vidogo vilivyopangana, kila herufi na chumba chake. Ukitaka kuyanakili maneno kutoka sehemu moja kwenda nyingine, unaita fanksheni, yaani kijisehemu cha programu chenye kazi moja, ya kunakili. Hii ninayoisema unaipa mambo matatu: maneno yanakotoka, yanakokwenda, na idadi ya herufi ambayo isiizidi. Maneno yakiwa mafupi, hakuna neno. Yakizidi, inabeba zile inazoweza kubeba na zinazobaki inazitupa. Hapo ndipo nataka msimame kidogo. Inazitupa na haisemi. Hairudishi jibu kwamba kuna kilichobaki, haikwami, haigomi. Tena vyumba vikijaa pomoni, haiweki hata ile alama inayoiambia kompyuta kwamba maneno yamekomea hapa, kwa hiyo usipoiweka mwenyewe, kompyuta itaendelea kusoma takataka za vyumba vya jirani.

Siwasemi vibaya walioitunga. Waliitunga zamani, kwa kazi ndogo ya kujaza majina mafupi kwenye nafasi zenye urefu uliopangwa, na kwa kazi hiyo ilitosha. Waliokosea ni waliokuja kuitumia kila mahali, kwenye barua, kwenye dawa, kwenye anwani za watu, mpaka ikawa ndiyo ya kwanza kumjia mtu kichwani.

Aliyenifundisha mimi kuichukia ni Mzee Hasmukh. Alikuwa Mhindi wa hapa hapa Mwanza, ukoo wao ukiuza vitambaa katikati ya mji tangu enzi za babu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na Kisukuma chake kilikizidi changu mimi Mjita, kiasi kwamba wamama wa Bujora wakija kununua khanga walimtaka yeye na siyo wadogo zake. Duka aliwaachia hao wadogo, yeye akajifungia chumba cha nyuma na kompyuta yake katikati ya majora ya vitambaa, akiandika programu za viwanda na za maduka. Mimi nilimaliza chuo nikijiona najua. Alinipa kazi, akaisoma, akaniambia nitoke nje barazani nikamwangalie fundi cherehani.

Nilikaa pale barazani asubuhi nzima nikiwa nimekasirika, nikidhani ananidharau. Fundi akashona. Akaja mama mmoja na kitambaa, akataka gauni refu lenye mikono. Fundi akapima, akapima tena, kisha akauweka mkasi chini na kumwambia kwamba kitambaa hakitoshi, achague kama anapunguza mikono au anaongeza kitambaa. Mzee Hasmukh alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Aliniuliza, je, yule fundi angekata tu akanyamaza, yule mama angejua lini? Nikasema siku ya kulivaa. Akaniambia nirudi ndani, na kwamba programu yangu ilikuwa imekata bila kusema sehemu nyingi sana.

Msidhani alikuwa mtu mkali wakati wote. Kuna kiwanda kimoja cha samaki kilituita kwa sababu ya vibandiko vya kwenye maboksi. Jamaa aliyetutangulia alikuwa ameipa strncpy kazi ya kuandika maelezo, na maboksi yalikuwa yametoka yameandikwa MINOFU YA SANGARA ILIYOGANDISHWA ISIYO NA. Basi. Mteja mmoja wa Shinyanga alikuwa amepiga simu kuuliza, isiyo na nini? Mzee Hasmukh alicheka mpaka akashika ukuta. Msimamizi wa kiwanda akasema hilo ni jambo dogo, tufupishe maneno tu, tuandike sangara bila miiba na yaishe. Mzee akaacha kucheka hapo hapo. Akamwambia kwamba leo hiyo fanksheni imekula neno miiba kwa bahati tu, na haikuuliza kabla ya kula. Hatukuondoka mpaka tulipoiondoa kila ilipokuwa.

Nawaambia haya mjue kwamba nilipofika kwenye ile ofisi ya Kirumba nilikuwa nimeshafundishwa, na sikunyamaza.

Ofisi hiyo siitaji jina. Ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, na kazi yake ilikuwa nzuri, hilo sitalificha. Tulipokea utabiri wa hali ya hewa, tukauandika kwa Kiswahili cha kawaida, tukautuma kwa meseji kwenye simu za wavuvi wa mialo ya Igombe na Kayenze na ya visiwani, kule mitumbwi inakotua. Programu ya kutuma tuliikuta, ilikuwa imeandikwa na mtu aliyeshaondoka, kwa C, na ilijaa strncpy kama ugali uliojaa mabuje. Kila ujumbe, kabla haujaenda, ulinakiliwa kwenye nafasi ya herufi mia moja na sitini, ambao ndio urefu wa meseji moja.

Masalu nilimfahamu kupitia kazi hiyo. Alikuwa mvuvi wa dagaa, na mtumbwi wake mwenyewe na watu wake. Mwanzoni hakututaka hata kidogo. Alisema yeye ziwa analisoma kwa mawingu ya upande wa Ukerewe na hahitaji kuambiwa na simu. Halafu kuna siku tulituma onyo, yeye akatoka, upepo ukampiga mpaka akapoteza nyavu na taa zote akarudi na roho yake tu. Baada ya hapo akawa muumini. Kila meseji tuliyotuma aliijibu, na majibu yake yalikuja kwenye skrini yangu, maneno hayo hayo matatu siku zote: Asante sana, nimepata. Nilipokwenda mwaloni alinionyesha kwa wenzake kama ndugu yake, akisema huyu ndiye anayetuandikia. Tulipomwambia abaki, alibaki. Tulipomwambia atoke, alitoka.

Ilifika siku tukaletewa kompyuta mpya zenye kompaila mpya, yaani programu ile inayosoma tulichoandika na kukigeuza kiwe kitu mashine inachokielewa. Tulipoijenga kazi yetu mara ya kwanza, njano ikafurika. Watengenezaji walikuwa wameitangaza strncpy kuwa imestaafishwa pamoja na wenzake. Mimi nilifurahi. Miaka yote nilikuwa napiga kelele peke yangu, na sasa mashine yenyewe ilikuwa imekuja upande wangu. Nilimkimbilia meneja wetu, Bwana Magesa, nikamwambia tupewe muda tuiondoe.

Bwana Magesa alikuwa mtu wa suti na wa kuongea vizuri. Aliniambia kuna wageni wanakuja kutoka kwa wafadhili, watataka kuona jinsi tunavyofanya kazi, na haitapendeza waone skrini imejaa njano kama tumeharibu kitu. Akamwagiza Deo, kijana aliyekuwa akifanya kazi nami, aweke mstari wa kuzima maonyo. Deo alinitazama, akamtazama meneja, akauweka. Simlaumu, alikuwa bado kwenye majaribio na ana mama mgonjwa nyumbani.

Hebu fikirini jambo hilo wanangu, maana mimi mpaka leo likinijia nikiwa napika nazima jiko kwanza. Ofisi ambayo kazi yake ni kuwaonya watu ilizima maonyo yake yenyewe ili wageni wasiyaone. Wageni walikuja, wakala sato, wakapiga picha na Bwana Magesa, wakaondoka. Mstari ukabaki pale pale. Nilisema kwenye kikao cha wiki ile, nikasema na kwenye kilichofuata, mpaka Bwana Magesa akawa anaweka jambo langu mwisho kabisa, wakati watu wameshafunga vitabu na kutafuta funguo za pikipiki.

Halafu likaja suala la salamu.

Mzee Balele alikuwa mwenyekiti wa mwalo wa Igombe. Alipanda siku moja mpaka ofisini kwetu, akaketi, akakataa soda, akatuambia shida yake. Alisema simu yetu inampigia amri.

"Usitoke ziwani. Nani huyo ananiambia usitoke, hata shikamoo hajanipa? Mwanangu wa kumzaa hasemi nami hivyo."

Alisema wazee wengi wameanza kuzifuta meseji zetu bila kuzisoma, kwa kuudhika. Msicheke. Alikuwa na haki kabisa. Hapa kwetu hata ukija kuniambia nyumba yangu inaungua, utapiga hodi. Bwana Magesa alielewa haraka, na hapo nampa sifa yake, akaagiza kwamba kuanzia siku hiyo kila ujumbe uanze na salamu, na pole ya kazi, na shukrani. Mimi nikasema ni sawa, tena ni vizuri sana, lakini ujumbe utarefuka, na ukirefuka ile fanksheni itakata. Tuitoe kwanza, ujumbe ukizidi ugawanywe uende mara mbili. Akasema, "Mama Vero, tutaliangalia. Kwanza tuma." Wakajaribu na ujumbe wa siku ya utulivu, wenye maneno machache, ukaenda mzima. Wote wakanigeukia kuniangalia kama mtu aliyetabiri mvua ikakosa kunyesha.

Siku yenyewe utabiri ulikuja mapema mchana. Jioni shwari, kisha dhoruba. Mwenzetu wa zamu aliandika vizuri, kwa adabu, akapanga mambo kwa mfuatano kama yatakavyotokea. Kwenye skrini yetu ujumbe ulionekana wote, kwa sababu skrini iliusoma kabla haujanakiliwa. Kwenye simu za wavuvi kilifika hiki:

"Shikamooni wazee wetu na hamjambo vijana. Poleni sana na kazi ya ziwani. Tunawashukuru kwa kutuamini. Tunapenda kuwajulisha kuwa leo jioni ziwa litakuwa shwari"

Ukaishia hapo. Onyo lenyewe lilikuwa nyuma ya neno hilo, na strncpy ilikuwa imeshafikisha idadi yake, ikalitupa. Haikusema kitu, na mstari wa Deo ulikuwa umeshaizuia kompaila isiseme. Mvuvi aliyeisoma aliona salamu nzuri na habari njema. Hakukuwa na nukta mwishoni, lakini ni nani anayetafuta nukta kwenye meseji?

Jibu la Masalu lilikuja kama kawaida. Asante sana, nimepata. Nililiona nikafunga mkoba wangu nikaenda nyumbani na moyo mweupe, nikijua yule hatoki.

Asubuhi yake simu ya ofisi ilikuwa inaita kabla hatujafungua madirisha. Mitumbwi kadhaa ya Igombe ilikuwa imepigwa. Wa Masalu ulipinduka. Watu wake walishikilia ubavu wa mtumbwi mpaka wavuvi wa Kayenze wakawaokota, wakiwa wamevimba mikono, na walisema yeye alikuwa nao mwanzoni, akawa anawapanga nani ashike wapi, kisha wimbi moja likapita na hawakumwona tena. Alipatikana baadaye kwenye majabali ya ufukweni. Mimi ndiye niliyeomba tuletewe simu ya mvuvi yeyote tuone alipata nini, maana watu walikuwa wanasema tumewaambia watoke. Nilipousoma ule ujumbe nilizihesabu herufi zake kwa kidole mpaka neno la mwisho.

Sasa sikilizeni kilichoniudhi kuliko vyote. Bwana Magesa aliita kikao. Nikadhani hatimaye. Akasema amefikiria kwa makini, na ameona chanzo ni salamu. Salamu zimeurefusha ujumbe, kwa hiyo salamu ziondolewe, turudi kwenye ujumbe mfupi, na watu wakiuliza tuseme lilikuwa tatizo la mtandao. Kuhusu fanksheni hakutamka lolote. Mtu amekufa, na mshtakiwa wao ni shikamoo.

Nilisimama. Sijawahi kumpandishia sauti mkubwa wangu kazini, kabla ya hapo wala baada. Nilimwambia, "Mzee Balele aliomba heshima, na heshima haijaua mtu. Kilichoua ni kitu kinachokata kikanyamaza, na sisi tuliokinyamazia." Akaniambia nikae, nimechoka, niende likizo. Sikukaa. Wakati tunabishana, Deo alikuwa amegeukia kompyuta yake pale pale kikaoni. Aliufungua ule mstari wake, akaufuta, akaijenga programu. Njano ikajaa kwenye skrini ya ukutani mbele ya wote, ikaendelea kushuka na kushuka. Bwana Magesa aliitazama mpaka ilipokoma. Kisha akasema tufanye tunavyotaka, ila yeye hataki kusikia tena habari za herufi.

Basi tukafanya, na hapa wale wa fani chukueni kalamu. Kuistaafisha fanksheni siyo kuifuta tu halafu ukaenda kunywa chai. Ukifuta kwa pupa, mwenzako ataandika nyingine inayofanana nayo kesho yake. Sisi kwanza tuliandika mbadala wake, inayonakili na kurudisha jibu: imetosha, au haikutosha. Tukaiambia kompaila kwamba mtu akiiita hiyo mpya bila kulisoma jibu lake, programu isijengeke. Kisha tukaiambia kwamba onyo la ile ya zamani kuanzia sasa ni kosa, siyo onyo, ili mtu yeyote akiirudisha akwame hapo hapo. Halafu ndipo tukaanza kupita mahali pamoja pamoja, mimi na Deo, na kila mahali tuliulizana swali moja kwa sauti: maneno yakizidi hapa, anaumia nani? Kuna mahali jibu lilikuwa hakuna, mfano kufupisha jina la mwalo kwenye safu ya skrini. Hapo tuliruhusu kukata, lakini tuliandika wazi kwamba tunakata na kwa nini, na kwenye skrini tukaweka alama ya kuonyesha kuna kilichobaki. Kuna mahali jibu lilikuwa mvuvi, na hapo tuliiandika programu igawanye ujumbe, isikate hata herufi moja.

Na mjaribu kwa maneno ya watu wenu halisi. Mnapenda kujaribu kwa neno "test" na kwa jina la herufi tatu, mnaridhika. Sisi tulimwita Mzee Balele mwenyewe aje ofisini, tukamwambia atusalimie kama anavyosalimia wageni nyumbani kwake, Deo akawa anaandika. Mzee yule akianza salamu hamalizi mpaka aulizie ng'ombe mmoja mmoja. Vidole vya Deo vilichoka. Tukaituma salamu yote, ikagawanyika, ikafika nzima kwenye simu ya mzee, akaisoma mpaka mwisho akasema sasa hiyo ndiyo lugha. Baadaye Bwana Magesa aliwaandikia wafadhili kwamba mfumo umeboreshwa. Aliandika hivyo hivyo, umeboreshwa, kana kwamba tumepaka rangi uzio.

Nilistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Ninapoona wenye lugha ya programu wamekaa, wamefikiri, wamesema fanksheni hii tunaiondoa, wamewapa mbadala, wamewapa miaka ya kujiandaa, wakawawekea na onyo la rangi ili hata mvivu alione, halafu nyie mnalizima kwa sababu linaharibu sura ya skrini, nashindwa kuvumilia. Msiniambie programu inafanya kazi. Yetu ilikuwa inafanya kazi mpaka siku ile. Na msiniambie nyie mnaandika michezo na maduka ya nguo, siyo meseji za wavuvi. Aliyeandika ile programu ya Kirumba naye aliiandika kwanza kwa ajili ya matangazo ya biashara, ndipo ikauzwa kwetu na matumbo yake yote.

Limebaki jambo moja ambalo sikuwasimulia pale ukumbini, kwa sababu nisingeweza kulisema mbele ya maikrofoni.

Ofisi ilipeleka mchele na sukari msibani, na mtu wa kusema lile la mtandao. Mimi nilikwenda peke yangu, baada ya kile kikao, watu wengi wakiwa wameshaondoka. Mke wa Masalu anaitwa Nyamizi. Nilimkuta uani na shangazi zake, ameketi kwenye mkeka. Tulisalimiana, nikampa pole. Kisha akachukua simu yake, maana na yeye alikuwa amejiandikisha kupokea meseji zetu, akanipa akaniambia nisome. Nikaisoma kwa sauti mpaka neno la mwisho, shwari.

"Mbona inaishia hivyo?" aliniuliza. "Walisema ni mtandao."

Nikamwambia siyo mtandao. Nikamwambia iliandikwa ndefu zaidi ya hapo, na mashine yetu ikaikata, na tulikuwa tunajua kwamba inakata. Shangazi mmoja akaanza kulia. Nyamizi hakulia. Aliniuliza iliyobaki ilisemaje, na kwa kuwa nilikuwa naijua kwa moyo, nikamwambia.

"Mpaka saa nne usiku. Baada ya hapo kutakuwa na upepo mkali na mawimbi makubwa. Tafadhali msitoke ziwani leo."

Akaichukua simu yake mkononi mwangu, akaitazama, ingawa kioo kilikuwa kimeshazima.

"Mimi niliona lile wingu," alisema. "Nikamwambia asiende. Tukagombana, akanionyesha simu, akasema hawa wanajua kuliko wewe." Akaigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka. "Kumbe na nyie mlimwambia asiende. Kama mimi tu."